Mnyonya damu aliyekataa kuua, na mtunzi aliyenyimwa haki yake

Oktoba 2024, kampuni ya Disney iliiondoa filamu mpya ya Blade, mwindaji wa wanyonya damu, kwenye ratiba yake. Filamu hiyo ilitangazwa mwaka 2019, Mahershala Ali akitajwa kuwa nyota wake, na tangu hapo imeahirishwa mara kwa mara huku waongozaji wawili wakijiondoa. Manung'uniko ya mashabiki yamekuwa mengi. Waliokumbuka kukitaja kitabu cha katuni alikozaliwa shujaa huyo ni wachache, ingawa The Tomb of Dracula ndicho kilichowapa wanyonya damu wa katuni za Marekani dhamiri.

Hapo awali, kwa karibu miaka 17, kitabu cha aina hiyo kisingeruhusiwa. Mwaka 1954 daktari wa akili Fredric Wertham alizishutumu katuni kwa kuwaharibu watoto, kamati ya Seneti ikawahoji wachapishaji jijini New York, na kampuni zenyewe zikajitungia kanuni kabla serikali haijaingilia. Wanyonya damu, wafu wanaotembea na binadamu wanaogeuka mbwamwitu wakapigwa marufuku.

Ukali wa kanuni hiyo unaonekana katika kisa ambacho mwandishi Marv Wolfman amekisimulia kwa miaka mingi. Wolfman ni jina lake la ukoo, na kwa Kiingereza linasikika sawasawa na jina la yule binadamu-mbwamwitu. Mwanzoni mwa kazi yake aliiuzia kampuni ya DC hadithi ya jarida la House of Secrets. Mwandishi mwenzake, Gerry Conway, alipoandika maneno ya utangulizi, akatania kwamba hadithi hiyo ilisimuliwa na Wolfman mmoja anayetangatanga. Wakaguzi wa kanuni wakaja juu: kiumbe huyo haruhusiwi! DC ikajibu kwamba hilo ni jina la mtunzi. Basi, wakasema wakaguzi, liandikwe wazi kuwa ni la mtunzi. Siku hizo DC haikuwa na desturi ya kuwataja waandishi wa hadithi zake za kutisha. Mmoja alipotajwa, wenzake nao wakadai watajwe. Hivyo kanuni iliyotungwa kuwabana waandishi ikawapatia, bila kukusudia, heshima ambayo waajiri wao hawakuwa wamewapa.

Mwaka 1971 kanuni ililegezwa, na kampuni ya Marvel haikupoteza muda. Oktoba mwaka huohuo, Roy Thomas na mchoraji Gil Kane walimleta Morbius katika The Amazing Spider-Man. Ni mwanasayansi aliyekuwa akijitafutia tiba ya ugonjwa wa damu. Jaribio likamgeuza mnyonya damu, na mikono yake ikamuua rafiki yake mwenyewe. Tangu hapo hatia hiyo haikumwacha.

Aprili 1972 ikaanza The Tomb of Dracula. Wolfman alishika kalamu kuanzia toleo la 7. Gene Colan aliyachora matoleo yote 70, akiutwaa uso wa mwigizaji Jack Palance kuwa uso wa Dracula, na wino wa Tom Palmer ukaujaza ukungu na giza zito. Blade, mwindaji mweusi ambaye mama yake aling'atwa akiwa katika uchungu wa uzazi, alitokea Julai 1973.

Lakini kwa habari ya toba, mhusika mkubwa ni Hannibal King, aliyeingia katika toleo la 25, Oktoba 1974. Ni mpelelezi wa kujitegemea anayemsaka mnyonya damu aliyemuua, kwa maana yeye mwenyewe ni mnyonya damu. Hanywi damu ya mtu aliye hai. Hujikimu kwa damu ya hospitali au ya wanyama. Morbius analia baada ya kuua. King anajizuia kila usiku asiue, na hapo ndipo Wolfman alipowazidi wenzake wote. Mwaka 1983, katika hadithi za Doctor Strange, uaminifu huo ulilipwa: King akarudishiwa ubinadamu wake.

Wolfman hakulipwa hivyo. Aliishtaki Marvel akidai haki za wahusika aliowabuni, Blade akiwemo, na Novemba 2000 mahakama ikaipa kampuni ushindi. Wakati huo filamu ya kwanza ya Blade, iliyoigizwa na Wesley Snipes mwaka 1998, ilikuwa imekwisha kuonyesha kwamba wahusika wa Marvel wanaweza kuleta fedha nyingi sinemani. Zikafuata nyingine mbili, na Morbius akapata yake mwaka 2022. Colan alifariki mwaka 2011, mwaka uleule kampuni za DC na Archie zilipoiacha kanuni ya 1954, ikafa kabisa.

Sheria imeshasema, lakini sheria haiizuii Marvel kutenda haki. Filamu ya Blade ikija kutengenezwa, majina ya Wolfman na Colan yaandikwe mwanzoni kabisa, na Wolfman alipwe kama mtunzi.