Nyanya wakati wa mvua: kwanza maji, kisha dawa

Katika Kivu, mvua ya musimu A inaanza mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 1. Mara nyingi ndio wakati nyanya inakuwa haba sokoni na bei inapanda. Kwa hiyo familia nyingi zenye parseli ndogo, Bukavu, Goma ao kandokando yake, zinalima nyanya zikihesabu pesa ya masomo ya watoto. Lakini ni wakati huo pia nyanya inakufa zaidi.

Magonjwa mawili, si moja

La kwanza walimaji wanaita milidiu. Kijidudu chake, Phytophthora infestans, ndicho kiliharibu viazi vya Ireland kuanzia mwaka wa 1845 na kuleta njaa kubwa. Kinasafiri kwa upepo na kwa matone ya mvua, ila hakiingie kwenye jani kavu: kinahitaji jani lililolowa saa nyingi, tena baridi kidogo. Bukavu na Goma ziko karibu metre 1 500 juu ya bahari. Asubuhi zake za ukungu zinakifaa sana. Majani yanapata madoa kama yamemwangiwa maji ya moto, tunda linakuwa la kahawia, na shamba linaweza kuisha kwa wiki moja ao mbili.

La pili ni mnyauko wa bakteria. Mmea unanyauka ghafla, majani yakiwa bado mabichi. Kuupima ni rahisi: kata kipande cha shina karibu na mzizi, ukisimamishe ndani ya glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukiteremka, ni bakteria. Hapo hakuna dawa ya kupulizia inayosaidia. Mmea unang'olewa na mizizi yake na kutolewa shambani.

Kuongoza maji

Magonjwa yote mawili yanapenda maji yaliyokaa. Kwenye udongo mzito wa milima ya Bukavu, matuta yanainuliwa sentimetre 20 mpaka 30, na mitaro inachimbwa kukata mteremko, isishuke moja kwa moja, juu ya kuzuia udongo kwenda na mvua. Goma, mawe ya volkano yanapitisha maji haraka. Shida ya pale ni udongo kidogo, kwa hiyo mboleo iliyooza vizuri inahitajika zaidi kuliko mitaro.

Miche inaachana sentimetre 50 mpaka 60 ili upepo upite na kukausha majani. Kila mmoja unafungwa kwenye mti. Majani ya chini yanayogusa udongo yanatolewa, lakini siku kavu, hapana wakati yamelowa. Chini yanatandikwa majani makavu ya ndizi ili tone lisirushe matope juu. Nyanya haifuate nyanya: pahali zilipokuwa nyanya, viazi, bilingani ao pilipili, panalimwa maharagi ao shu kwa misimu 2 ao 3.

Dawa

Mankozebe, dawa inayouzwa sana, inalinda jani lenye afya. Haiponyeshe lililokwisha kushikwa. Mvua kubwa inaiosha. Ndiyo sababu wengine wanapulizia kila mara mvua ikikatika, hata karibu na kuvuna, na dawa inabaki kwenye tunda. Siku za kungojea mbele ya kuvuna zimeandikwa kwenye kifurushi, na mwenye kupulizia anafunika mdomo na mikono. Nyanya ya sokoni inaoshwa kwa maji mengi mbele ya kuliwa.

Matunda

Papai na avoka navyo haviwezi maji yaliyosimama. Mizizi ya papai inaweza kuoza kwa siku chache tu. Vinapandwa juu ya kilima kidogo cha udongo, mbali na mtaro unaojaa.

Kutoweka yote kwenye nyanya

Hata mulimaji mwenye bidii anaweza kupoteza nyanya mvua ikizidi. Parseli ikigawanywa, sehemu moja nyanya, nyingine lengalenga, shu na poaro, hasara inapungua. Lengalenga inaanza kukatwa kisha wiki 4 mpaka 6, mbele nyanya haijaiva. Ile nyanya ikikufa, nyumba bado iko na mboga ya kupika na ya kuuza.