Kitenzi na Kijineno Chake: Historia ya Vitenzi-Virai vya Kiingereza

Ni jambo la kawaida kwa mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Kenya kurudishiwa insha yake ya Kiingereza ikiwa imepigwa mstari mwekundu chini ya maneno kama "put off", "find out" au "go on", na pembeni pameandikwa "postpone", "discover" na "continue". Mwandishi wa makala haya alipigiwa mstari huo mara nyingi alipokuwa mwanafunzi na, alipokabidhiwa kalamu nyekundu baadaye, akaupiga yeye pia bila ya kujiuliza. Hoja inayotolewa ni ile ile: kwamba miundo ya kwanza ni ya mazungumzo, na ya pili ndiyo ya usomi. Makala haya yanakusudia kuichunguza hoja hiyo kwa kurejelea historia. Tunadai kwamba uduni unaonasibishwa na vitenzi hivi haukuzaliwa navyo. Ulipachikwa baadaye, na watu wanaojulikana, kwa sababu zinazojulikana.

Kitenzi-kirai, kwa maana inayotumika hapa, ni kitenzi kinachoandamana na kijineno, ambacho kwa asili ni kielezi au kihusishi, viwili hivyo vikazaa maana moja. Katika sentensi "She looked up the road", kijineno "up" ni kihusishi tu: mama huyo aliitazama barabara kuelekea juu. Katika "She looked up the word", alilitafuta neno katika kamusi. Sentensi ya pili inaweza kugeuzwa ikawa "She looked the word up". Ya kwanza haigeuziki. Tena nomino ikibadilishwa kuwa kiwakilishi, mzungumzaji hana hiari: husema "looked it up", wala hasemi "looked up it". Kanuni hii huzingatiwa na mtoto wa Kiingereza wa miaka mitano ambaye hajapata kusikia neno kihusishi.

Muundo huu ulitoka wapi? Katika Kiingereza cha Kale, kazi ambayo leo hufanywa na kijineno ilifanywa kwa sehemu kubwa na viambishi awali vilivyoshikamana na kitenzi. Masalio yake ni maneno kama "understand", "withstand" na "forgive". Vijineno vilivyojitenga navyo vilikuwapo tangu enzi hizo, lakini mara nyingi vilitangulia kitenzi. Mambo mawili yaliubadilisha mfumo huo. Kwanza, viambishi awali visivyokuwa na mkazo vilidhoofika kisauti na kimaana, hata vingine vikatoweka. Pili, mpangilio wa sentensi ulibadilika: kitenzi kikasogea mbele ya yambwa, na kijineno kikabaki nyuma yake. Kijerumani, ambacho ni ndugu wa Kiingereza, kilisimama katikati ya njia. "Aufgeben" hubeba kijineno chake mbele katika kamusi na kukitupa mwishoni katika sentensi kuu. Tarehe iliyoandikwa katika monasteri ya Peterborough, ambayo habari zake zinakoma mwaka 1154, tayari inavyo vitenzi vyenye "up" na "out" nyuma yake. Kuhusu mchango wa lugha ya Waskandinavia waliolowea mashariki ya Uingereza, wanazuoni hawajaafikiana. Thim (2012) anashikilia kwamba muundo huu ni urithi wa Kijerumani cha kale na kwamba hauhitaji kuelezwa kwa athari za wageni.

Athari za wageni zilikuwa kubwa zaidi upande wa pili. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na ya mahakama, na Kilatini kikaendelea kuwa lugha ya kanisa na ya elimu. Kwa karne kadhaa maneno ya lugha hizo mbili yalimiminika katika Kiingereza, hata karibu kila tendo likapata majina mawili: "go in" na "enter", "give up" na "surrender", "go down" na "descend". Kimaana jozi hizi hukaribiana sana. Tofauti yake kubwa ni ya kijamii: jina moja lilikaa jikoni na shambani, jingine likakaa katika hati. Hata hivyo, isidhaniwe kwamba waandishi walikiona kitenzi-kirai kuwa cha aibu. Katika tamthilia za Shakespeare wafalme hukitumia sawa na watumishi wao.

Aibu ilikuja na karne ya kumi na saba na ya kumi na nane, wakati Kiingereza kilipotafutiwa kanuni na kipimo chake kikawa Kilatini. Mwaka 1672 John Dryden alimkosoa Ben Jonson, aliyekuwa amekwisha kufariki, kwa kumalizia sentensi na kihusishi. Kisha, katika toleo la 1684 la insha yake juu ya tamthilia, akaanza kujisahihisha mwenyewe. Kosa hilo si kitenzi-kirai hasa, lakini kwa sikio la mwanafunzi wa Kilatini yote mawili yalisikika kama mkia unaoning'inia. Sarufi za baadaye zikalaumu miundo kama "rise up", kwa hoja kwamba anayeinuka hawezi kuinuka chini. Ni haki kusema kwamba si wote waliofuata mkumbo. Robert Lowth, ambaye husingiziwa mengi, alieleza katika sarufi yake ya 1762 kwamba kijineno kinachofuata kitenzi hubadili maana yake sawasawa na kile kinachokitangulia. Naye Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya 1755, alikiri kwamba hakuna kinachowatesa wageni kama vitenzi hivi, akajitwika kazi ya kuvikusanya. Kuna kichekesho hapa. Johnson, ambaye nathari yake imesheheni Kilatini kuliko ya karibu kila mwandishi wa zama zake, ndiye aliyevipa vitenzi hivi makao ya heshima katika kamusi.

Jina lenyewe la Kiingereza, "phrasal verb", lilichapishwa mwaka 1925 na Logan Pearsall Smith, aliyesema kwamba alipendekezewa na Henry Bradley, mhariri wa kamusi ya Oxford. Miaka mitano baadaye C. K. Ogden alitangaza Kiingereza chake cha msingi, chenye maneno 850, ambamo vitenzi havikuzidi 18. Alidhani amewapunguzia mzigo watu wa mataifa mengine. Ukweli ni kwamba mzigo uliondolewa kichwani ukawekwa mgongoni: vitenzi vilivyofutwa vilifidiwa kwa "get", "put", "take" na vijineno vyake, na mtu anayejua "give" na anayejua "up" bado hajui "give up". Msemaji wa Kiswahili atalielewa hili upesi. Nani atakisia "piga pasi", "piga kura" na "piga chuku" kwa kujua maana ya "piga" peke yake?

Twarudi sasa kwa mstari mwekundu. Kiingereza kilitufikia Afrika Mashariki hasa kwa njia ya shule, ofisi, mahakama na kitabu. Hizo ndizo sajili ambamo vitenzi-virai ni haba. Utafiti wa Biber na wenzake (1999) umeonyesha kwamba hujaa katika mazungumzo na katika bunilizi, na hupungua mno katika maandishi ya kitaaluma. Basi tulipewa ghorofa ya juu ya nyumba kabla ya kuonyeshwa ya chini, na ya chini tukajijengea wenyewe. Mkenya husema "I will pick you at six" pasipo "up", na husema "cope up with" mahali ambapo Mwingereza hana "up". Ya pili ndiyo yenye kutufunza zaidi. Bolinger (1971) alionyesha kwamba "up" mara nyingi huashiria ukamilifu wa tendo, kama katika "eat up" na "drink up", ambamo hakuna kinachopanda juu. Aliyeunda "cope up" ameifuata kanuni hiyo hiyo, pengine akivutwa pia na "keep up with". Anahukumiwa kwa hoja ile ile iliyotumiwa dhidi ya "rise up", ingawa "rise up" imo katika kamusi zote leo.

Suala hili linamhusu mhakiki wa fasihi moja kwa moja. Mhusika wa riwaya ya Kenya anaposema "cope up", mhakiki huandika kwamba mwandishi ameteleza, au kwamba amemdhihaki mhusika wake. Uwezekano wa tatu, kwamba mwandishi amenasa lugha inayosemwa Nakuru na Kisumu na watu waliosoma, hautajwi. Wala si kwamba ushahidi unakosekana. Kongoo ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, iliyokusanywa nchini Kenya na Tanzania katika miaka ya 1990 chini ya uongozi wa Josef Schmied, ina mazungumzo, matangazo ya redio, kesi za mahakamani na insha za wanafunzi. Mhakiki anayetaka kujua ni nani husema "cope up", na katika mazingira gani, anaweza kuifungua na kusoma.