Mikopo ya wamama: tuulize nini?

1/ Kila kampeni naskia ahadi ya "pesa za wamama". Tuangalie tulikotoka.

2/ Zamani benki zilitaka hati ya shamba, na nyingi zilikuwa na jina la mzee. Mashirika ya mikopo midogo yakafanya kikundi kuwa dhamana: ukishindwa, wenzako wanalipa. Women Enterprise Fund ya serikali, 2007, nayo ikakopesha vikundi.

3/ 2012 ikaja M-Shwari. Kikundi hakuna, lakini ilipoanza ilikuwa siku 30, ada 7.5%.

4/ Muuza nyanya anaweza kuzungusha pesa hiyo. Fundi wa nguo je? Cherehani haijilipi kwa mwezi.

5/ Kwa hivyo mgombea akitaja kiasi, mimi namuuliza: nalipa kwa muda gani, na nikikwama nani ananilipia?