Matengenezo ya barabara wakati wa mvua (Kasulu na Kibondo)

Matengenezo ya barabara wakati wa mvua katika wilaya za Kasulu na Kibondo (Mkoa wa Kigoma, Tanzania) ni kazi ya kuhakikisha barabara zinapitika katika majira ya mvua, yanayoanza mnamo Oktoba au Novemba hadi Aprili au Mei. Nchi zenye theluji, kama vile Norwei na Kanada, hupanga barabara kwa madaraja ili kuamua ipi isafishwe kwanza. Nyanda hizi hazina theluji, lakini tope huleta swali lilelile.

Wasimamizi

Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala ulioanzishwa mwaka 2000. Barabara za wilaya, mitaa na vijiji ni za TARURA, iliyoanza mwaka 2017. Zote mbili hutegemea Mfuko wa Barabara, unaotokana hasa na tozo ya mafuta.

Kipaumbele

Barabara kuu ya Kigoma–Kasulu–Kibondo–Nyakanazi hutangulia, kwa kuwa inaunganisha mkoa na Kanda ya Ziwa. Imehudumia pia kambi za wakimbizi za Nyarugusu (Kasulu) na Nduta (Kibondo). Kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi, na malori yalikwama. Imejengwa kwa lami kipande kwa kipande, hivyo tatizo limebaki zaidi kwenye njia zinazoungana nayo.

Katika njia hizo fedha huelekezwa kwanza kwenye "sehemu korofi": mabonde yenye udongo mweusi, miteremko inayoteleza na makalavati madogo. Kilomita ishirini nzuri hazina faida ikiwa mita hamsini hazipitiki. Kuchonga kwa greda na kuzibua mitaro hufaa kufanyika kabla ya mvua, kwani udongo uliolowa ukichongwa hugeuka tope zaidi. Mvua ikishaanza, kinachowezekana ni kumwaga moramu au mawe na kurudisha kalavati lililosombwa.

Udhaifu wa mpangilio huu ni kwamba barabara yenye magari machache hungoja, ingawa mara nyingi magari ni machache kwa sababu haipitiki. Huenda ndiyo njia pekee ya mjamzito kufika hospitali ya wilaya, au ya maharage na mahindi kufika sokoni. Hapo bodaboda huchukua nafasi ya gari, nauli hupanda, na wanakijiji hufukia mashimo kwa mawe na magogo wakingoja greda.