Mgahawa Uliogombana na Mji Wake

Huko Modena, mji wa mkoa wa Emilia-Romagna kaskazini mwa Italia, tortellini, tambi ndogo zilizojazwa nyama, huliwa kwa kijiko, zikiwa zimejaa kwenye bakuli la supu ya moto. Massimo Bottura, mzaliwa wa hapo hapo, alifungua mgahawa wake, Osteria Francescana, mwaka 1995. Alipoanza kuwapa wageni tortellini chache tu, zimepangwa mstari mmoja juu ya supu iliyogandishwa, wenyeji walikuja juu. Mwacha asili ni mtumwa, na kwao huyu alikuwa ameiacha mchana kweupe.

Hata hivyo, asili hiyo aliijua vizuri. Tangu 1986 aliendesha mgahawa wa kawaida nje kidogo ya mji, ambako mama mmoja mtu mzima alimfunza kusukuma unga wa tambi kwa mkono. Baadaye alipikia jikoni kwa mpishi mashuhuri Alain Ducasse huko Monte Carlo, na mwaka 2000 kwa mpishi mwingine mashuhuri, Ferran Adrià, nchini Hispania. Alirudi na mbinu za kigeni, lakini kapu la sokoni likabaki lile lile.

Ushahidi ni sahani yake mashuhuri ya Parmigiano Reggiano, jibini inayoruhusiwa kutengenezwa Modena na maeneo machache ya jirani tu. Mlaji huletewa jibini hiyo moja ikiwa na umri wa miezi 24, 30, 36, 40 na 50. Moja imeumuka laini, nyingine ni mchuzi, nyingine povu baridi, nyingine kaukau, na ile kongwe kuliko zote ni nyepesi kama hewa. Kila umri una ladha yake.

Mwaka 2001 mhakiki wa vyakula Enzo Vizzari, aliyekwama kwenye foleni ya barabara kuu, aliingia kula na kuusifu mgahawa huo kwa maandishi. Nyota ya kwanza ya Michelin, kitabu kinachopima ubora wa migahawa, ilifuata mwaka 2002, na mwaka 2016 na 2018 Osteria Francescana ikaongoza orodha ya migahawa 50 bora duniani.

Mei 2012 tetemeko la ardhi liliangusha maghala ya Emilia-Romagna na kuharibu jibini nyingi mno. Bottura alibuni wali wa Parmigiano na pilipili manga, watu wa nchi nyingi wakaupika, na jibini iliyonusurika ikapata wanunuzi. Aliyeshutumiwa kwa kuiacha asili ndiye aliyewasaidia wenye asili kuuza mali yao.