Mwendo Kwanza, Mvutano Baadaye: Jinsi Njia za Sayari Zilivyoeleweka

Ukiuliza kwa nini sayari hulizunguka Jua, jibu la haraka ni kwamba Jua huzivuta. Jibu hilo ni nusu. Kinachovutwa huanguka, na lau mvutano ungekuwa peke yake, Dunia ingekuwa imetumbukia ndani ya Jua zamani za kale. Nusu ya pili ni mwendo, nami nashikilia kwamba ndiyo iliyochelewesha elimu ya falaki kwa karne nyingi. Kwamba vitu vizito hurudi chini, kila mtu alijua. Kilichokosekana ni kufahamu kwamba kitu kilichokwisha kuanza kwenda hakihitaji kusukumwa ili kiendelee kwenda.

Aristotle alifundisha kinyume: kila mwendo una msukumaji, na msukumaji akiacha, mwendo hukoma. Fundisho hilo lilidumu kwa sababu linaafikiana na macho; mkokoteni ukiachwa njiani husimama. Waliolitilia shaka hawakukosekana. Katika karne ya 6, Philoponus wa Alexandria alisema kwamba mkono unaorusha jiwe hulipa jiwe lenyewe nguvu ya kwendea. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alikwenda mbali zaidi. Kwake, kitu kilichorushwa hupata mayl, yaani mwelekeo wa kuendelea, na kinachoudhoofisha ni kizuizi cha nje kama hewa. Mahali patupu kabisa, basi, mwendo usingekoma. Alikuwa amefika mlangoni, ila aliitumia hoja hiyo kuthibitisha kwamba utupu hauwezi kuwapo. Ilipita miaka 600 hivi kabla ya wazo hilo kuchukuliwa kuwa sheria ya maumbile.

Gharama ya kuchelewa huko inaonekana wazi kwa Johannes Kepler. Alirithi vipimo vya Tycho Brahe, vilivyochukuliwa kwa macho matupu kabla ya darubini, akakuta kwamba njia aliyoikadiria kwa sayari ya Mirihi inapishana navyo kwa dakika 8 za pembe, kama robo ya upana wa Mwezi mpevu uonekanavyo angani. Wengi wangeipuuza tofauti hiyo. Kepler aliviamini vipimo, akaitupa kazi yake ya miaka, na mwaka 1609 akatangaza kwamba Mirihi hupita katika duaradufu, na kwamba mstari unaoiunganisha na Jua hupita juu ya maeneo sawa kwa muda sawa. Mwaka 1619 akaongeza kanuni ya tatu, inayofungamanisha muda wa mzunguko na umbali kutoka kwenye Jua.

Hapa mtu anaweza kunipinga: ikiwa Kepler alizipata kanuni zote tatu pasipo kuuelewa mwendo, kikwazo kilikuwa wapi? Kilikuwa kwenye sababu. Kanuni zake zinaeleza njia, hazielezi kinachoichora. Alipotafuta sababu, alidhani kwamba Jua, likijizungusha, huzikokota sayari kwa nguvu ya mfano wa sumaku, na kwamba sayari ingesimama palepale lau Jua lingeacha. Aliitafuta nguvu inayosukuma mbele, wakati inayohitajika ni inayopinda njia kuelekea katikati. Kosa hilo halikuwa la hesabu. Kwa hesabu hakuwa na mpinzani.

Galileo alionyesha mwaka 1638 kwamba kitu kilichorushwa huchanganya miendo miwili isiyozuiana, wa kwenda mbele na wa kuanguka, lakini kwa sayari aliendelea kushikilia duara. René Descartes ndiye aliyeandika waziwazi, mwaka 1644, kwamba mwendo wa asili ni wa mstari ulionyooka, akatoa mfano wa kombeo: jiwe huzunguka kwa kuwa kamba inalizuia, na likiachiliwa hushika njia iliyonyooka. Baadaye sifa hiyo ya vitu kudumu katika hali yao ikazoeleka kwa jina la inesha. Novemba 1679 Robert Hooke alimwandikia Isaac Newton kwamba njia ya sayari huenda ni muungano wa mwendo ulionyooka na mvuto wa kuelekea katikati. Hooke anastahili heshima kubwa kuliko aliyopewa. Swali lilikuwa limeulizwa sawasawa kwa mara ya kwanza. Hakuweza kulijibu kwa hesabu. Newton aliweza, baada ya Edmond Halley kumfuata Cambridge mwaka 1684, na kitabu chake Principia kikatoka mwaka 1687.

Ushahidi wa Newton wapaswa kusomwa kwa makini, maana ndio unaoibeba hoja yangu. Alithibitisha kwamba kanuni ya Kepler ya maeneo hutimia kwa kitu chochote kinachokwenda kwa inesha kikivutwa kuelekea nukta moja, mvuto uwe mkali au hafifu. Hata mvuto usipokuwapo kabisa, kanuni inabaki kweli. Kipimo cha mvutano kilihitajika kwa jambo jingine, na hapo Mwezi ukawa shahidi. Uko mbali na kitovu cha Dunia mara 60 ya nusu kipenyo cha Dunia, na kila sekunde husogea kilomita 1 hivi. Katika sekunde hiyo hujitenga na mstari ulionyooka kwa milimita 1.4 tu. Jiwe la hapa duniani huanguka mita 4.9 katika sekunde ya kwanza. Kwa kuwa mvutano hupungua kwa mraba wa umbali, gawanya kwa 60 mara 60, unapata ileile milimita 1.4. Mwezi unaanguka daima, ila mwendo wake wa kwenda mbele hauuachi ufike chini.

Huygens na Leibniz walilalamika kwamba mvutano unaopita katika utupu bila kitu cha kuubeba ni fumbo, si elimu. Lalamiko lilikuwa la haki, na Newton hakulijibu kikamilifu. Hata hivyo hesabu ziliendelea kutimia. Nyota yenye mkia ya Halley ilifika karibu kabisa na Jua Machi 1759, mwezi mmoja tu kabla ya wakati uliokadiriwa na Clairaut, Lalande na Nicole-Reine Lepaute. Na Septemba 1846 Neptuni ikaonekana Berlin karibu kabisa na pale mwanahesabu Le Verrier alipoagiza itafutwe.

Pwani yetu nayo ina ushahidi wake. Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti iitwayo Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Katika kimo chake cha zaidi ya kilomita 500, mvutano wa Dunia bado ni zaidi ya asilimia 80 ya ule wa ardhini. Kwa hiyo kazi kubwa ya roketi si kupanda juu, ni kupata kasi ya ubavuni ya zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde. Kurushia karibu na ikweta kuelekea mashariki huchangia mita 460 hivi kwa sekunde kutokana na Dunia kujizungusha.

Pingamizi zito zaidi ni la Zebaki. Obiti yake hugeuka kwa sekunde 43 za pembe kila karne kupita hesabu za Newton, na Novemba 1915 Albert Einstein aliipata namba hiyo bila kurekebisha chochote. Kwake, mvutano si nguvu: sayari hufuata njia iliyonyooka kadiri iwezekanavyo katika anga na wakati vilivyopindwa na Jua. Wengine husema basi Newton amebatilika. Naona kilichobadilika ni mvutano. Inesha imebaki, na sasa imepewa kazi ambayo zamani iligawanywa kwa wawili.