Aruba: Siku Moja Nje ya Lami
Aruba ni kisiwa cha Karibi, karibu na Venezuela, chini ya Ufalme wa Uholanzi. Asubuhi mwongoza watalii huwapakia wageni kwenye jipu, akawapitisha vumbi na mawe ya hifadhi ya Arikok, takriban moja ya tano ya kisiwa. Huona pango la Fontein lenye michoro ya wenyeji wa kale, kisha huoga Conchi, kidimbwi cha bahari kilichozungukwa na miamba ya volkano. Pikipiki za magurudumu manne ni marufuku hifadhini, kwani huchimbua ardhi. Naiunga mkono marufuku hiyo. Nasi tuna matuta ya mchanga ya Shela, yahifadhiyo maji matamu ya mji wa Lamu. Starehe ya mgeni isimwachie mwenyeji kiu.